Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupata Wenzako Mtandaoni Ukiwa na Sikoseli

Maswali haya yametoka inboksi za wasimamizi wa magrupu ya watu wenye sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, au selimundu kama inavyoandikwa kwenye kadi za kliniki. Tumeanza na ya mgeni, tukamalizia na yale ambayo watu huyauliza kwa kunong'ona. Wanaojibu ni wagonjwa wenyewe na wazazi. Dozi na vipimo ni kazi ya kliniki yako.

## Kuanza

Nina daktari na kliniki. Grupu la nini tena?

Kwa yale yasiyoulizwa kliniki. Umekaa benchi tangu asubuhi, ukifika ndani ni dakika chache tu: uzito, wingi wa damu, dawa, tarehe ya kurudi. Nani atakumbuka kuuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi bado anakojoa kitandani? Liulize hilo grupuni usiku, utajibiwa na wazazi ambao baadhi yao walichapa kabla ya kujua. Sikoseli hupunguza uwezo wa figo kubana mkojo, kwa hiyo mtoto hutoa mkojo mwingi na mwepesi usiku kucha, na huku anatakiwa anywe maji kwa wingi. Si ukaidi wala uvivu. Kisha watakueleza wanavyofanya wao: maji mengi yanywewe mchana, anaamshwa usiku kwenda msalani, godoro linatandikwa mpira, na hasimangwi mbele ya wadogo zake.

Mambo ya namna hiyo ni mengi. Namna ya kumwandikia mwalimu wa bweni barua inayoeleza kwamba kuoga maji baridi alfajiri na mchakamchaka wa Julai kule Njombe au Limuru vinaweza kumlaza mtoto wodini. Umjibu nini jirani anayedhani macho ya njano ni homa ya ini ya kuambukiza. Umwambie nini bosi anapokuona leo mzima na kesho hujiwezi. Daktari anaujua ugonjwa kuliko sisi sote, lakini hakai na wewe Jumanne saa tisa usiku.

Magrupu yenyewe nayapata wapi?

Anzia pale pale kliniki. Muhimbili, Bugando, Kilifi, Mulago na kwingineko kwenye kliniki ya sikoseli, muuguzi mara nyingi anamjua mzazi au mgonjwa mzoefu anayeendesha grupu. Benchi la kusubiria nalo ni mahali pa kupeana namba, na ukiingizwa na mtu uliyemwona kwa macho unakuwa na pa kuanzia. Tarehe 19 Juni, Siku ya Sikoseli Duniani, vyama vya wagonjwa hufanya matembezi na upimaji, nenda, uliza.

Facebook tafuta kwa majina yote mawili, sikoseli na selimundu, na kwa Kiingereza pia. Linki iliyotupwa hadharani kwenye maoni ya video usiibonyeze kwa pupa. Grupu ambalo yeyote anaingia, mwenye kuuza dawa naye anaingia.

WhatsApp, Facebook au Telegram?

WhatsApp ndiko watu waliko, ndiyo maana majibu huja haraka. Kasoro yake ni kwamba kwenye grupu la kawaida kila mwanachama anaiona namba yako. Telegram inakuruhusu kuificha. Grupu la faragha la Facebook lina kumbukumbu nzuri: swali lililojibiwa mwaka juzi unalipata kwa kulitafuta, wakati WhatsApp limezama chini ya salamu za asubuhi na picha za maua. Wengi wetu tuko WhatsApp kwa ajili ya usiku wa maumivu na Facebook kwa ajili ya kusoma.

Bando langu dogo, au sina simu janja. Je?

Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe; hizo ndizo zinazokula bando, meseji za maandishi hazili kitu. Kama una simu ya kitochi, mwombe msimamizi akuunganishe na mtu mmoja wa eneo lako mpigiane. Tunafanya hivyo mara nyingi, na kusema kweli baadhi ya jozi hizo zimedumu kuliko grupu.

Mgonjwa ni mtoto wangu. Niingie grupu la wazazi au la wagonjwa?

La wazazi kwanza. Hofu ya mzazi ni nzito, na mtu mzima mwenye sikoseli hapaswi kuamka kila siku asome "hivi watoto hawa huwa wanafika miaka mingapi?" Amekwishafika, anakwenda kazini. Ila magrupu mazuri ya wazazi huwa na watu wazima wachache waliojitolea kuwamo, na hao ni hazina: wanakuambia walitamani mama yao angefanya nini.

Mtoto wa chini ya miaka 18 asiingizwe grupu la watu wazima bila mzazi kujua na msimamizi kujua. Mtu mzima akianza kumwandikia kijana pembeni, namba 116 ya msaada kwa mtoto inafanya kazi Tanzania na Kenya, bila malipo.

## Kulipima grupu

Nitajuaje kama ni grupu zuri?

Ingia, nyamaza, soma. Subiri siku mtu aandike usiku kwamba mtoto ana homa kali. Grupu zuri litamuuliza hospitali ya karibu ni ipi na kama ana usafiri. Grupu baya litampa majina ya dawa sita na dua, halafu asubuhi litauliza "vipi anaendelea?" Kwangu mimi kipimo ni hicho: je, grupu linakusukuma kuelekea hospitali, au linakubakiza nyumbani?

Angalia pia kama msimamizi hufuta matangazo ya biashara, na kama watu hukosoana bila matusi. Grupu ambalo kila jibu ni "pole, Mungu akutie nguvu" halina ubaya, lakini pole haikuelezi bandama linakandwa wapi ili ujue kama limevimba.

Kuna mtu anauza dawa inayoponya kabisa. Ni kweli?

Hapana. Kinachoponya na kinachojulikana ni upandikizaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kutoka kwa mtu anayelingana na mgonjwa, aghalabu ndugu wa tumbo moja. Umeshafanyika hata hapa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto. Kuna pia tiba ya vinasaba iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tiba ya namna hiyo haiuzwi kwenye chupa ya maji iliyobandikwa namba ya simu.

Hasara kubwa haiko hata kwenye pesa. Muuzaji karibu kila mara humwambia mteja aache dawa za hospitali "zisigombane" na za kwake. Mtoto anaacha penisilini na haidroksi (haidroksiyurea, dawa ya sikoseli), anapata nafuu kama wiki kwa bahati tu, ushuhuda unarekodiwa na kusambazwa. Atakapolazwa hakuna anayerekodi.

Rozela, bitiruti na fefo zinaongeza damu?

Rozela na bitiruti ni vinywaji. Kunywa, maji ni mazuri kwako. Fefo ni jambo jingine. Kile kidonge kina folik asidi pamoja na madini ya chuma, kimetengenezwa hasa kwa wajawazito. Mtu wa sikoseli hupungukiwa damu kwa sababu chembe zake zinavunjika mapema, na chuma chake kwa kawaida hubaki humo humo mwilini. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kupita kiasi, kikaumiza ini na moyo. Ndiyo maana kliniki hukupa folik asidi peke yake. Fefo na sirapu za "kuongeza damu" usinunue bila kupimwa.

Mwenzangu anakunywa haidroksi vidonge viwili, mbona mimi kimoja?

Kwa sababu haidroksiyurea hupimwa kwa kilo na kwa majibu ya damu. Ikizidi inashusha chembe nyeupe, ndiyo maana unarudishwa maabara. Usinakili dozi ya mtu, hata kama mna umri mmoja na kovu moja.

Wanaouliza kama dawa hii ni salama kwa watoto wa Afrika: utafiti uitwao REACH, uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa 2019, ulionyesha kwamba ni salama na kwamba watoto walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo. Haifanyi kazi siku moja. Ipe miezi. Ukitaka kupata mtoto, awe mwanamume au mwanamke, zungumza na daktari kabla.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wana magrupu makubwa. Nijiunge?

Jiunge kama Kiingereza kinapanda. Utajifunza hasa namna ya kujieleza mbele ya daktari asiyeamini maumivu yako, maana hilo liko kote. Ila mazingira si yenu: bima yao, dawa zao, hata malaria hawana, na kwetu malaria kwa mwenye SS, yaani aliyerithi kinasaba cha sikoseli kwa wazazi wote wawili, ni hatari kubwa. (Wanaokingwa kwa kiasi ni wenye AS, waliokirithi kwa mzazi mmoja tu. Hili hurudiwa vibaya kila mwezi.)

Halafu habari huchelewa. Voxelotor, iliyouzwa kwa jina la Oxbryta, iliidhinishwa Marekani 2019, na watu huku wakaanza kuwaomba ndugu wawaletee. Septemba 2024 Pfizer ikaiondoa sokoni duniani kote kwa sababu ya usalama wa wagonjwa. Meseji za kuisifu zinazunguka bado. Ndivyo ilivyo pia kwa zile za bima: nchini Kenya NHIF ilikwisha na SHA ikaanza Oktoba 2024, lakini maelekezo ya NHIF yanaforwadiwa hadi leo. Tazama tarehe kabla ya kutii.

Kuna pia magrupu ya Waswahili walioko Oman, ambako sikoseli ipo kwa wingi na watu wameizoea tangu mababu. Wazee wao wana maarifa ya nyumbani ya kuvutia, hasa kuhusu joto na maji.

## Siri na heshima

Nani ataiona namba yangu?

Kwenye grupu la WhatsApp, wote. Nenda mipangilio, faragha, makundi, uchague kwamba ni watu ulionao kwenye simu pekee wanaoweza kukuingiza. Ondoa picha ya familia au uionyeshe kwa unaowajua tu. Wengine hununua laini ya pili, na si ujinga. Facebook unaweza kuuliza bila jina kama grupu linaruhusu, lakini wasimamizi wanakuona ni nani.

Meseji yangu imepigwa skrinishoti na kupelekwa kazini au kwa wakwe. Nifanyeje?

Hifadhi ushahidi, mwambie msimamizi, adai mhusika ajitokeze au atolewe. Taarifa za afya ni nyeti kisheria: Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, Kenya ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya Kamishna. Malalamiko yanapokelewa. Lakini andika ukijua kwamba hakuna mpangilio wa simu unaoweza kumzuia mtu kupiga picha kioo cha simu yake kwa simu nyingine.

Naweza kuweka picha ya mtoto akiwa wodini?

Uso wake hapana. Atakuwa mtu mzima, na picha itakuwa bado ipo.

## Usiku wa maumivu

Kraisisi, yale maumivu makali ya sikoseli, imeanza. Niandike grupuni?

Ukiwa njiani kwenda hospitali, ndiyo. Kama maumivu ni yale unayoyajua na dawa ulizopewa zinayashika, kunywa maji, jifunike, kanda kwa joto (barafu kamwe), na andika upate wa kukesha naye. Hilo grupu linaliweza kuliko kitu kingine chochote.

Kuna hali ambazo simu inawekwa mfukoni na safari inaanza: homa ya nyuzi 38 na kuendelea, kifua kuuma au kupumua kwa shida, mdomo kupinda au mkono na mguu kulegea upande mmoja, kuongea kuvurugika, degedege, mtoto kupauka ghafla au tumbo la kushoto kuvimba, maumivu yasiyoguswa na dawa. Ukiandika mojawapo ya hayo grupuni, jibu unalostahili ni moja tu, na yeyote anayekujibu "subiri kidogo, jaribu hiki" msimamizi amfute.

Ukishafika, grupu lina kazi. Mtu wa mji uleule aje na uji. Mwingine atafute wachangiaji damu. Damu haiuzwi, na anayekutaka pesa ya chupa ya damu ni tapeli, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Swali la wanaume: uume umesimama, unauma, haulali. Namuuliza nani?

Hili hutumwa inboksi, karibu kila mara alfajiri, na karibu kila mara mtu amekwishavumilia siku kadhaa za namna hiyo kwa aibu. Ni sikoseli. Damu imenasa, haihusiani na matamanio wala uchawi wa mwanamke. Huwapata hata wavulana wadogo, na mama hajui kwa sababu mtoto haoni pa kuanzia.

Kunywa maji, jaribu kukojoa, tembea taratibu, oga maji ya uvuguvugu, meza dawa yako ya maumivu. Yakipita masaa mawili, anza safari ya hospitali. Yakifika masaa manne ni dharura, kwa kuwa baada ya hapo misuli yenyewe huanza kufa na nguvu za kiume zinaweza zisirudi. Ukifika mapokezi usiseme "naumwa tumbo". Kama kulitamka kunakushinda, liandike kwenye simu umwonyeshe muuguzi. Na kama umemeza vidonge vya kuongeza nguvu, mwambie daktari.

Magrupu yenye busara huwa na chumba kidogo cha wanaume peke yao. Ulizia.

Mtu kaandika kwamba amechoka, anatamani kufa. Tumjibu nini?

Msimjibu kwa maandishi tu. Mmoja ampigie, amuulize wazi kama ana mpango wa kujiua. Kuuliza hakumtii wazo. Mwingine atafute jirani au ndugu wa kukaa naye leo, na apelekwe hospitali. Maumivu ya miaka humchosha mtu kweli, kwa hiyo "usiseme hivyo, ni dhambi" humfunga mdomo bila kumwokoa.

## Pesa

Mwanachama anaomba mchango wa matibabu. Nitume?

Huruma yetu ni shamba la matapeli, lakini shida nyingi ni za kweli. Dai ankara ya hospitali. Hospitali za serikali Tanzania hutoa kontroli namba. Lipa moja kwa moja kwenye hiyo, si kwenye simu ya mtu. Kenya lipa kwa namba ya biashara ya hospitali. Mwenye shida halisi haudhiki na hilo, kwa kuwa ni deni lake linalopungua.

Michango ya nauli na chakula haina ankara. Hapo toa kile ambacho hutalala macho ukigundua umedanganywa.

## Mambo magumu

Kila baada ya muda kuna tangazo la msiba. Sijui kama naweza kuendelea.

Wengi husema hivi. Baadhi ya magrupu yameweka utaratibu: misiba hutangazwa kwenye ukurasa wa pembeni, na anayetaka ndiye anayekwenda. Liombe grupu lako. Vinginevyo zima mlio, pumzika mwezi, au baki na wawili watatu unaoongea nao nje ya grupu. Usijilazimishe kusoma historia ya ugonjwa wa kila aliyefariki kutafuta kama inafanana na yako.

Nimepata mchumba humu humu. Tuna neno?

Mapenzi hayana neno, hesabu inalo. SS na SS, watoto wote ni SS. SS na AS, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu. SS na AA (asiye na kinasaba hicho), watoto wote ni AS, wazima. AS na AS, robo. Hesabu hii hurudiwa kwa kila mimba. Mtoto wa kwanza akiwa SS haimaanishi watatu wanaofuata wamepona. Pimeni, mjue, halafu amueni wenyewe. Wasimamizi hawatoi ruhusa ya ndoa, ingawa tumewahi kuombwa.

Mume na mawifi wanasema nimeuleta mimi, na hawataki niwemo humu.

Mtoto hawi SS bila kupokea kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama. Kama mume anaweza kusikiliza, muuguzi wa kliniki aseme hilo mbele yake. Likitoka kwako litaonekana ubishi. Mwalike pia kwenye grupu la kina baba, wachache lakini wapo, na hubadilishana mawazo kwa lugha yao. Kama simu yako inakaguliwa na unaogopa, tumia meseji za kupotea baada ya saa 24, au kutana na mwenzako kliniki badala ya mtandaoni. Ukipigwa, hiyo si habari ya sikoseli tena: nenda dawati la jinsia polisi.

Mtafiti au mwandishi wa habari ameomba kuingia.

Asiingie kimya. Mtafiti aonyeshe kibali cha maadili na fomu ya ridhaa, mwandishi aseme anaandikia wapi. Wazungumze na wanaotaka, nje ya grupu.

Nikitaka kutoka?

Toka. Huhitaji kuaga, wala hatutangazi. WhatsApp siku hizi huwajulisha wasimamizi peke yao. Kabla ya kubonyeza, hifadhi namba ya mtu mmoja wa mji wako na namba ya kliniki. Ukirudi baada ya mwaka utaombwa tu useme wewe ni nani na unatokea wapi, kama mgeni yeyote.